Mdaa, Mkoko na Kanga ya Japani

Mkeka wa Rufiji hauna rangi nyingi. Kuna weupe wa ukindu wenyewe, ulioanikwa juani hadi ukakaribia rangi ya mchele mpya. Kuna weusi wa mdaa. Kuna wekundu mzito wa gome la mkoko, unaoelekea kahawia. Siku hizi unaongezeka mstari wa zambarau au wa kijani cha dukani, unaong'aa kuliko mistari yote na kupauka kabla ya yote. Mnunuzi anayeijua mikeka, akikunjuliwa mmoja pale Kibiti, hutazama kwanza mshono, kisha hulowesha kidole kwa mate na kuusugua ule weusi. Rangi ikihamia kidoleni, bei inashuka papo hapo.

Watu wengi wa rika langu walilizoea jina la Kibiti mwaka 2017, kupitia habari za mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi. Kabla ya hapo, kwa walio wengi, palikuwa mahali ambapo basi la Lindi au Mtwara husimama kidogo, abiria wakanunua korosho dirishani, safari ikaendelea. Ukoo wa mama yangu ni wa huko, Wandengereko, na mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo nimejiona nina deni la kuitafutia wilaya hii maelezo marefu kuliko taarifa ya habari. Njia niliyoichagua ni kufuata rangi. Swali langu ni hili: kwa nini, katika nchi ambayo watu wake walijua kutia rangi nyavu na ukindu, na ambayo ardhi yake ilitoa pamba pamoja na miti ya rangi, kazi ya kutia rangi imebaki kwenye mkeka peke yake?

Karakana chini ya mwembe

Karakana ya familia yetu haina mlango wala jina. Iko nyuma ya nyumba ya bibi, upande wa njia inayoshuka kutoka barabara kuu kwenda Nyamisati, bandari ndogo ya delta ambako watu hupanda boti za Mafia. Vifaa vyake ni sufuria moja kubwa iliyoliwa na moshi, kinu, visu vya kuchania na kamba ya kuanikia. Wafanyakazi ni bibi, mama mkubwa, na binamu zangu wawili wanapokuwa hawako shambani.

Kazi huanzia mbali na nyumbani. Mkindu hupenda maji. Humea kandokando ya mito na kwenye mabonde yanayofurika. Linalotakiwa ni jani changa la katikati ambalo bado halijafunguka, kwa sababu likishafunguka linakuwa gumu na la kijani. Majani hayo huchambuliwa, huanikwa, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba. Zile zitakazobaki nyeupe huwekwa kando. Zile za rangi huingia sufuriani.

Kwa weusi, mizizi ya mdaa huchimbwa, huoshwa, hupondwa kwenye kinu na kuchemshwa pamoja na chane. Hakuna kipimo cha kikombe wala cha saa. Mama mkubwa hutoa chane moja, huikamua, huiacha ipoe mkononi, hutikisa kichwa na kuirudisha. Chane hulala ndani ya maji yale usiku kucha. Asubuhi huanikwa, na kama weusi haujamridhisha, zinarudi tena motoni. Baada ya hapo ndipo husukwa ukili, ule utepe mrefu, na ukili hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka ukamilike. Mapambo hayachorwi juu ya mkeka uliokwisha. Hupangwa kichwani kabla, kwa kujua chane ipi nyeusi itapita wapi kwenye msuko. Ukikosea hesabu, ua linapinda, na hakuna wa kulifuta.

Mdaa ni mti mdogo ambao wataalamu wa mimea huuita Euclea natalensis. Wanawake wa pwani wameutumia mzizi wake pia kama mswaki, unaoacha rangi midomoni. Mkoko nao, Rhizophora mucronata, hutoa wekundu kwa kuchemsha gome lake. Ukiongeza manjano ya jikoni na mbegu za mzingefuri, umemaliza karibu rangi zote ambazo mwanamke wa pwani angeweza kuzipata bila kufungua pochi.

Bila kufungua pochi, lakini si bila gharama. Kuchimba mdaa ni kazi ya jembe na mgongo. Na tofauti na jani la mkindu, mzizi ukiuchukua wote, mti hautarudi. Bibi ana sheria moja ambayo sijapata kuiona ikivunjwa mbele yake: chimba upande mmoja, fukia, usirudi kwenye mti huo mpaka mvua zipite. Nitarudi kwenye sheria hii, kwa sababu mwaka jana nusura igombanishe ukoo.

Gome na pamba

Kinachofanya kazi ndani ya gome la mkoko kinaitwa tanini. Ndiyo inayofanya chai iliyokaa sana iwe chungu na ikaushe ulimi. Tanini hushika nyuzi na kuzuia kuoza. Hugeuza ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ngozi ya viatu. Ikikutana na chuma, hugeuka nyeusi. Kabla ya nailoni, wavuvi wa pwani walichemsha magome na kulowekea nyavu zao humo ili zidumu katika maji ya chumvi. Kwa hiyo katika kijiji cha delta, gome moja liliwafaa mume na mke: yeye alilitia kwenye wavu, mkewe akalitia kwenye ukindu. Nailoni ilipofika, wavu uliacha kuhitaji gome, na nusu ya kazi ya rangi ikafa kimyakimya. Sijapata kusikia mzee yeyote akiililia, kwa sababu wavu wa nailoni haukuozi na mvuvi akapata usingizi.

Lakini gome lilikuwa limeshapata mteja mwingine zamani. Delta ya Rufiji ina eneo la mikoko la takriban hekta 53,000, kubwa kuliko lolote katika Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti kutoka humo hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti mirefu ya kuezekea haikuwepo. Wajerumani walipoishika nchi, waliona boriti, na waliona pia tanini. Viwanda vya ngozi vya Ulaya vilihitaji magome kwa wingi. Mwaka 1898 serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko ya delta kuwa msitu wa hifadhi, na kituo cha misitu kikawekwa Salale, ndani ya delta yenyewe. Kukata kukawa kwa kibali na ushuru. Gome likaanza kuhesabiwa kama bidhaa ya kusafirisha nje.

Tangu hapo mkoko ukawa na mwenyewe, naye ni serikali. Waingereza walirithi utaratibu huo, na nchi huru ikaurithi pia. Mwaka 1991 Tanzania ilitoa mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko ya bara. Sitaki kumfanya bwana misitu kuwa adui. Mikoko hulea kamba na samaki na kuizuia bahari isiile nchi kavu, na bila ulinzi tungekuwa na kidogo kuliko tulicho nacho. Ninachosema ni kwamba katika mfumo huu wote, mtu anayechukua gome la kujaza sufuria moja hakuwahi kufikiriwa. Kuna mkata boriti, kuna mfanyabiashara, kuna mlinzi. Mtia rangi hayumo. Mama mkubwa huchukua magome kwenye miti iliyokwisha kukatwa kwa ajili ya nyumba, na bado huyabeba ndani ya kikapu kilichofunikwa kanga, kwa mazoea ya mtu aliyekua akijua kwamba jambo hilo halina jina zuri ofisini.

Pamba ina historia ya ukali zaidi. Pwani ya kusini ilisokota na kufuma nguo zake kabla ya mkoloni yeyote. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigurudumu vya kusokotea nyuzi. Baadaye nguo za meli zilizidi nguvu. Katika karne ya 19 ilikuja merikani, ile nguo nyeupe isiyopaushwa iliyochukua jina la Marekani ilikotoka, na ikaja kaniki, nguo ya buluu nzito iliyotiwa nili huko India. Nguo hizi zilikuwa rahisi na imara, na zilitumika hata kama fedha. Mfumaji wa kijijini hakuweza kushindana nazo.

Kisha mwaka 1902 utawala wa Wajerumani ukaanzisha mashamba ya pamba ya pamoja, chini ya majumbe na maakida, na Rufiji pamoja na milima ya Umatumbi ikawa miongoni mwa maeneo yaliyoonja uchungu wake. Watu walilazimishwa kulima pamba iliyowapatia malipo duni, siku ambazo mashamba yao ya chakula yaliwahitaji. Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, waling'oa pamba. Ndiyo iliyokuwa ishara ya Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akiwapa watu maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Ngarambe na Mohoro zote ziko Rufiji. Vita tunavyovisoma kama vya taifa zima vilianza kwa majirani zetu, na kwa mmea ambao ungeweza kuvikwa na watu hao hao walioulima.

Hapa ndipo ninapoona mpangilio. Pamba ilitoka Rufiji ikiwa pamba, na watu wa Rufiji wakanunua nguo. Gome lilitoka likiwa gome, na watu wakanunua viatu, wale walioweza. Sehemu ya katikati, ambapo kitu kibichi hugeuka kuwa kitu chenye rangi na thamani, ndiyo iliyohamishwa kwenda kwa wengine.

Kanga ya Japani

Ndani ya sanduku la bibi zimo kanga ambazo haziazimishwi. Anaziita za Japani. Ukimwuliza kwa nini anazitunza, anajibu, "Mjukuu wangu, hizi hazitoki rangi," na kwa mtu aliyeishi kwa kuzuia rangi isitoke, hiyo ni sifa kubwa.

Kanga yenyewe ilizaliwa pwani hii katika miaka ya 1870 na 1880, kwa macho na uchaguzi wa wanawake wa Unguja na Mombasa, lakini tangu mapema ilichapwa mbali: Uholanzi, Uingereza, India. Wafanyabiashara walituma michoro na maneno, viwanda vikatuma mizigo. Japani iliingia kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1930 nguo zake za pamba zilitawala soko la Afrika Mashariki. Sababu mojawapo ilikuwa bei. Nyingine ilikuwa mkataba. Chini ya Mkataba wa Berlin wa 1885 na ule wa Saint-Germain wa 1919, eneo kubwa la Afrika ya kati na mashariki lilipaswa kuwa wazi kwa biashara ya mataifa yote yaliyotia saini. Uingereza ilipoweka mwaka 1934 viwango vya kuzuia nguo za Japani katika makoloni yake, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zilibaki nje ya kizuizi hicho. Maana yake, mwanamke wa Mbwera au Kikale aliyeuza mpunga wake angeweza kupata nguo ya Japani kwa bei ambayo viwanda vya Manchester vilishindwa kuifikia.

Baada ya Vita vya Pili biashara ilirudi. Kampuni ya Nishizawa ya Kyoto ilitengeneza kanga kwa ajili ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, kwa kuandikiana na wafanyabiashara wa huku kuhusu michoro na maneno. Nafikiri juu ya fundi wa Kyoto asiyejua neno moja la Kiswahili akinakili kwa uangalifu methali kuhusu wivu wa mke mwenza. Kisha nchi huru ikataka kanga zake. Mwaka 1968 kilifunguliwa kiwanda cha Urafiki jijini Dar es Salaam, kwa msaada wa China, na kanga zikachapwa ndani ya nchi.

Katika safari hii yote ya kanga, kutoka Uholanzi hadi Ubungo, mtia rangi wa Kibiti alikuwa mnunuzi tu. Hakuna aliyemkataza kutia rangi nguo. Ilikuwa tu haina maana tena: nani angechemsha mizizi siku mbili kwa ajili ya shuka, wakati duka la jirani lina kanga isiyotoka rangi?

Karatasi yenye matundu

Nilipoanza kusoma kuhusu kanga za Japani, nilitarajia kusoma habari za viwanda. Nilikutana na karakana za familia.

Wajapani wana ufundi uitwao katazome, kutia rangi kwa stensili. Wanaokumbuka mashine za zamani za kudurufu mitihani shuleni wanaijua stensili: karatasi yenye matundu inayoruhusu wino upite mahali fulani tu. Katika katazome mambo yamegeuzwa. Fundi huitandaza karatasi iliyokatwa maua juu ya kitambaa, akapaka ubandiko wa unga wa mchele wa kunata na pumba zake, kisha akaiondoa. Ubandiko ukikauka, kitambaa hutiwa rangi, mara nyingi nili. Halafu huoshwa. Mahali palipokuwa na ubandiko panabaki peupe, na ua linatokea.

Karatasi hiyo ingeloa na kuchanika mara ya kwanza kama isingekuwa na kinga. Kinga yake ni maji ya tunda liitwalo kaki, likiwa bado bichi na chungu. Na kinachofanya kazi ndani ya maji hayo ni tanini. Wavuvi wa Japani walitia maji hayo hayo kwenye nyavu zao. Niliposoma hayo nilimpigia simu mama mkubwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nao wana mkoko wao." Nilimweleza kuwa si mkoko, ni tunda. Akaniambia hiyo haina tofauti.

Katika visiwa vya Okinawa kuna stensili ya aina yake iitwayo bingata, yenye rangi kali, iliyotengenezwa na familia chache tangu enzi za ufalme wa Ryukyu. Vita vya mwaka 1945 viliiangamiza Okinawa; karakana na stensili nyingi ziliteketea. Mmoja wa warithi wa kazi hiyo, Shiroma Eiki, aliianza upya akiwa hana kitu. Alikata stensili kwenye ramani za kijeshi zilizotupwa, akatafuta rangi hata katika vijiti vya rangi ya midomo. Familia yake bado inafanya kazi hiyo.

Hadithi hii ni nzuri, na ndiyo maana inabidi kuisoma kwa tahadhari. Ingekuwa rahisi kusema kwamba Wajapani wanapenda mila zao kuliko sisi. Lakini angalia kilichofanyika. Mwaka 1950 Japani ilipitisha sheria ya kulinda mali za utamaduni iliyohusu pia ufundi usioshikika, na marekebisho ya mwaka 1954 yakawezesha serikali kumtambua mtu mwenyewe anayebeba ufundi huo. Mwaka 1955 wakata stensili wa Ise walitambuliwa. Mwaka 1956 alitambuliwa Serizawa Keisuke, mtia rangi kwa stensili ambaye alijifunza mengi kutokana na bingata. Mtu anayetambuliwa hivyo hupewa ruzuku ya kila mwaka ili aendeleze na kufundisha kazi yake. Hata hivyo wanunuzi wa kimono wamepungua na wakata stensili waliobaki ni wachache na wazee. Sheria haikumaliza tatizo. Ila iliuliza swali sahihi: mtu huyu anahitaji nini ili afanye kazi kesho na amfundishe mwingine?

Nchi moja, basi, ilikuwa na nyuso mbili. Viwanda vyake vilijaza maduka yetu nguo za rangi, na wakati huohuo ikajua kwamba viwanda hivyo vinaweza kuimeza karakana ya nyumbani, ikaweka kizuizi. Sisi tuliupata uso wa kwanza tu.

Mikeka arobaini

Sasa naweza kujibu swali langu. Rangi ilibaki kwenye mkeka kwa sababu mkeka ulichelewa kupata kiwanda. Hakuna meli iliyoleta mikeka ya ukindu kutoka Osaka. Mahitaji yake yalikuwa ndani ya maisha yenyewe: mwali hutolewa juu ya mkeka, bwana harusi hutandikiwa mkeka, waombolezaji huketi mkekani na maiti hufuatana na mkeka wake. Na malighafi, ingawa serikali ilikuwa na neno juu ya mkoko, mdaa na mkindu viliachwa kwa wanawake, kwa kuwa hakuna aliyeviona kuwa mali. Kutoonekana kuliwalinda.

Ulinzi huo umekwisha. Mikeka ya plastiki imejaa kila gulio, ina maua ya kila rangi, na huoshwa kwa ndoo moja ya maji. Misibani sasa ndiyo inayotandikwa. Mabonde ya mkindu nayo yamepitia mengi: mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali ilihamishia watu wa bonde la Rufiji kwenye vijiji vya nchi ya juu, na kwa waliohama safari ya kwenda kukata ukindu ikawa ndefu. Leo juu ya mto kuna bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, na Aprili 2024 mafuriko yaliingia mashambani na majumbani Rufiji na Kibiti. Mto ambao bibi aliujua kwa miezi yake anasema haujui tena.

Katika hali hiyo, mwaka jana alikuja mnunuzi kutoka Dar es Salaam. Alitaka mikeka 40 kwa miezi mitatu, yote ya rangi za asili, bila chane hata moja ya dukani. Bei aliyotaja ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya gulioni. Binamu yangu mkubwa alikwishaipigia hesabu kabla mgeni hajamaliza chai: bati la jikoni, ada ya mtoto, deni la kikoba. Ukigawanya bei ya kawaida ya mkeka wetu kwa siku za kazi, kila siku haifikii nauli ya bodaboda kutoka barabarani hadi nyumbani. Mara mbili ya hiyo bado ni kidogo, lakini ni kidogo kinachoonekana.

Bibi alihesabu kitu kingine. Alihesabu miti ya mdaa. Aliitaja kwa mahali ilipo: ule wa kwenye kichuguu, ile mitatu ya shamba la marehemu kaka yake, ule uliochimbwa mwaka juzi. Mikeka 40 ilimaanisha kuchimba pande zote mbili, na kwenda kuchimba kwa watu. Akasema kumi. Iliyobaki, tutatumia rangi ya dukani na tutamwambia mgeni ukweli.

Mgeni alikataa. Alisema wateja wake wanataka asili, na kumi haimlipi gari. Alikwenda kijiji kingine. Binamu alinuna wiki nzima, akasema mbele yetu wote kwamba mizizi ya bibi inakula ada ya mtoto wake. Mama mkubwa hakumkemea. Aliniambia baadaye, pembeni, kwamba binamu ana haki, na bibi ana haki, na kwamba hilo ndilo gumu.

Nimelifikiria sana neno lile la mgeni, asili. Lilinunua rangi ya mdaa bila kuuliza habari za mdaa. Kwa mwanahistoria, ombi hilo si geni. Wajerumani walitaka gome, lakini sufuria ya mtia rangi haikuwahusu. Soko jipya la vitu vya asili linaweza kufanya vilevile, kwa nia njema na picha nzuri, na safari hii hata mzizi hautabaki.

Kinachotakiwa hakihitaji ofisi kubwa. Mdaa unaweza kupandwa. Ni mti wa kwetu. Mamlaka inayotoa vibali vya boriti inaweza kuandika mstari mmoja unaomruhusu mtia rangi kuchukua gome la miti iliyokwisha kukatwa, ili kikapu kisifunikwe tena. Mnunuzi anaweza kuulizwa kwanza: mdaa uko wapi, na utakuwa wapi mwaka kesho? Na shule za huko, zinazofundisha watoto wa Kibiti habari za Kinjikitile na pamba, zinaweza kuongeza somo moja la kemia kuhusu kilichomo ndani ya sufuria ya bibi zao.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, binamu yule yule aliyenuna alipanda miche sita ya mdaa kando ya choo, mahali ambapo maji ya kuogea hupita. Hakusema kitu. Bibi aliiona, akaizungushia miiba kuzuia mbuzi. Minne imeshika.